Kambi ya macho Likoni: shajara ya katibu

Jumamosi, 2 Agosti

Mkutano wa kikundi chetu cha kujitolea, hapa Mombasa, ulikuwa kwa fundi wetu wa cherehani, Majengo, barazani kwake. Tulifika 19 kati ya wanachama 27. Faini za kuchelewa sh 350, yaani watu saba kwa hamsini hamsini, na mimi nilikuwa mmoja wao, kwa hivyo sitaki kuandika zaidi.

Mradi wa mwaka huu hatukuupanga, ulijitokeza wenyewe kwenye kahawa. Fundi alimwita mtoto wa jirani amtilie uzi sindanoni. Mtoto akaja mbio, akautia, akarudi zake kucheza. Mama mmoja akauliza, "Kwani fundi wewe huoni?" Akajibu kuona anaona, tena mnara wa msikiti ule wa mwisho anauona na njiwa waliokaa juu yake, ila sindano ndiyo siku hizi imeingia haya. Tukacheka sana. Kisha mmoja mmoja akaanza kutoa siri. Kuna anayesogeza simu mbali na uso mpaka mkono umekuwa mfupi. Kuna aliyeacha kusoma juzuu yake usiku akisingizia taa. Mweka hazina, ambaye ndiye anayesoma risiti zetu, akakohoa tu, akatazama kwingine.

Tukaafikiana: kambi ya macho, ng'ambo ya feri, Likoni, Jumamosi ya 4 Oktoba. Siku ya Macho Duniani kila mwaka ni Alhamisi ya pili ya Oktoba, lakini Alhamisi watu wako kazini, kwa hivyo tutaitangulia kwa siku tano.

Mwanachama mpya aliuliza mbona hatuna ofisi, kila mara tunahama kama paka na wanawe. Mzee wetu, aliyewahi kuwa mwanachama wa Rotary, ile klabu ya kujitolea, enzi za ujana wake, akamwambia Rotary yenyewe ilianza hivyo: mwaka 1905 kule Chicago, wakili Paul Harris na wenzake walikuwa wakikutana leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina likatokana na huko kuzunguka. Mama wa mahamri akasema, "Basi walikuwa na mzunguko kama wetu kina mama, ila wao hawakugawana pesa." Sisi hatukuiga kwa yeyote. Tunazunguka kwa sababu ukumbi ni kodi.

Jumamosi, 16 Agosti

Zamu ya Kisauni. Mahamri na mbaazi za nazi. Naandika hili kwa sababu mara iliyopita tulipewa biskuti na lawama bado hazijaisha.

Afisa wa kliniki wa macho alikuja kutufundisha, akakataa hata nauli. Jambo la kwanza alilosema: nyinyi mtapima na kuandika, ugonjwa nitautaja mimi. Akatutundikia karatasi ya herufi E zilizogeukia huku na huku, kubwa juu, ndogo chini. Mpimwaji haambiwi asome kitu, anaonyesha kwa mkono tu vidole vya E vimeelekea wapi. Nikaona faida yake palepale: wazee wetu wengi wanasoma Kiarabu tangu chuo cha Kurani lakini herufi za Kizungu hawana habari nazo, na ukimwekea A B C utamwandika kipofu mtu anayesoma Kurani kila alfajiri.

Umbali ni mita 6, zipimwe kwa kamba, zisikisiwe kwa hatua. Matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili. Mwenye 6/60 ni yule ambaye kile anachokiona kwa mita 6, mwenye macho mazima angekiona akiwa mita 60. Vijana hawakuelewa mpaka mzee alipowaambia, "Mwenzako anaisoma matatu imeandikwa wapi ikiwa bado iko kule kona, wewe mpaka ikukanyage."

Kilichonifurahisha zaidi ni kitundu. Unachukua kipande cha boksi gumu, unakitoboa kwa sindano ya moto, mtu anachungulia kwa jicho moja. Akiona vizuri zaidi kupitia kitundu, dawa yake yumkini ni miwani. Kisipomsaidia, kuna jambo ndani ya jicho lenyewe, apelekwe kwa afisa. Boksi la viatu na sindano, kazi ya shilingi sifuri! Tulitoboa ishirini usiku uleule.

Kuhusu kina fundi na mkono mfupi: baada ya miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na haijikunji tena kwa kazi ya karibu. Haina kinga, haina aibu, inampata kila mtu. Miwani ya kusomea, yenye nguvu kuanzia +1.00 hadi +3.00, inatosha. Mtoto wa jicho ni habari nyingine. Pale lenzi imeingia ukungu, na hakuna miwani wala matone wala asali itakayouondoa. Ni upasuaji: lenzi yenye ukungu inatolewa, inawekwa ya plastiki. Akatueleza daktari wa Kiingereza, Harold Ridley, ndiye aliyeiweka ya kwanza, London mwaka 1949. Alikuwa ameona marubani wa vita waliorukiwa machoni na vipande vya plastiki ya dirisha la ndege, na vile vipande vikakaa humo bila kuleta fujo. Sikujua kuwa hadithi hiyo ingenifaa baadaye.

Jumamosi, 30 Agosti

Mkutano mbaya. Nitauandika kama ulivyokuwa.

Pesa: michango ya wanachama sh 62,000, wafanyabiashara wawili wa mtaani sh 40,000, jumla sh 102,000. Hospitali moja ya kisiwani imekubali kutupasulia kwa sh 5,000 kila jicho. Mwenyekiti akaleta hoja ya fulana: 30, zenye nembo yetu kifuani, sh 700 moja, jumla sh 21,000. Hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema kikundi kisichoonekana hakichangiwi, na kwamba mwaka jana tulifagia soko zima na watu wakadhani ni vibarua wa kaunti.

Nikasimama. Ningeweza kusema mengi kwa upole, nikasema moja: "Mwenyekiti, fulana 30 ni macho manne." Watu wakanyamaza. Kura zikapigwa, fulana zikaanguka 11 kwa 8. Mwenyekiti akafunga daftari, akaondoka kabla ya chai. Mama wa mahamri aliponiletea kikombe aliniambia polepole, "Ulisema kweli, lakini ulimvua nguo mtu mzima mbele za watu." Ile chai sikuimaliza.

Jumamosi, 6 Septemba

Hakuna mkutano. Mfungo sita, kila mtu yuko kwenye maulidi.

Jumamosi, 13 Septemba

Miwani imefika: jozi 200 kwa sh 130, jumla sh 26,000. Tulifungua maboksi sakafuni kwa mweka hazina na tukakuta vibandiko vya +1.50 vimebandikwa juu ya +3.50. Aliyegundua ni fundi. Alijaribu moja, akashika gazeti, akasema, "Hii inanionyesha mpaka dhambi zangu." Muuzaji tuliyemwagizia hakubishana sana, akabadilisha jozi 40, lakini usiku mzima tulikuwa tukijaribu moja baada ya nyingine kwa gazeti na rula, sentimita 40 kutoka usoni.

Mwenyekiti hakuja. Simu anapokea, anasema yuko sawa. Najua sauti ya mtu aliye sawa.

Jumamosi, 27 Septemba

Shule ya msingi ya Likoni imetupa veranda na madarasa mawili. Viti, turubai na chakula cha mchana sh 9,500. Zimebaki sh 66,500, macho 13 na chenji. Mzee na mweka hazina walikwenda kwa mwenyekiti na chupa ya kahawa tungu na kipande cha halua, wakakaa naye tangu magharibi mpaka isha. Mimi sikuitwa. Walivyorudi walisema "atakuja", bila maelezo.

Jumamosi, 4 Oktoba: siku ya kambi

Watu 212.

Saa moja asubuhi foleni ilikuwa imefika langoni. Karatasi ya E tuliitundika ukutani mashariki, tukapima kamba, mambo yakaenda. Ilipofika saa nne jua likageuka likaipiga ile karatasi uso kwa uso, ikawa inang'aa kama bati, na ghafla kila mtu akawa hoi wa macho. Watu kumi na kitu walikuwa wameshaandikwa 6/36 na 6/60 kabla kijana mmoja hajashtuka. Tulihamisha kila kitu upande wa kivuli na kuwapima upya. Wawili walikuwa wameshakwenda zao na karatasi za uongo, tukawafuata mpaka stendi.

Mwenyekiti alikuja saa tatu, kimya, amevaa kanzu ya kawaida. Hakukaa meza kuu. Alichukua kazi ambayo hakuna aliyeitaka, ya kuwashika mkono wazee kutoka foleni hadi kwenye kiti, kutoka kiti hadi kwa afisa. Tulisalimiana. "Habari za asubuhi, katibu." "Njema, mwenyekiti." Basi.

Miwani ya kusomea tulitoa jozi 131. Kipimo chetu cha karibu kilikuwa maandishi madogo ya gazeti, lakini kina mama wawili wa kudarizi kofia za mkono walikataa gazeti. "Mimi nipe sindano na kitambaa," mmoja alisema. Akavaa +2.00, akatoa kofia yake mkobani, akatazama vile vitobo vidogo vidogo alivyozungushia uzi, akaguna, akajaribu +2.50, akasema hii ndiyo. Hakutaka kujua habari za karatasi. Afisa alimwacha, akasema kipimo chake ni bora kuliko chetu.

Wenye mtoto wa jicho walikuwa 23. Wawili wengine afisa aliwatenga upande, presha ya jicho, akawaandikia waende kliniki Jumatatu bila kukosa, kwa sababu kuona kunakopotea kwa presha hakurudi, huzuiwa tu kusizidi. Alirudia hilo mara tatu kwa kila mmoja na kwa mtu aliyemleta.

Jioni tulikula pilau kwenye madawati ya darasa la pili, magoti yamegusa kidevu. Watu wakaimba. Kila mtu alisema imefana, na picha zikapigwa. Mimi nilikuwa na ile karatasi ya majina 23 mfukoni na pesa za macho 13.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimepiga simu 23. Waliokubali 14. Waliokataa wanne. Nambari tano hazipatikani.

Hizo tano ni kosa langu. Wazee hawana simu zao, walinitajia nambari za wajukuu, nami kwa haraka sikuandika ya pili wala jina la mtaa vizuri. Mmoja nimemwandika "Mtongwe, nyuma ya msikiti". Mtongwe ina misikiti mingapi?

Jumatano, 15 Oktoba

Nimezunguka Mtongwe na Timbwani kwa miguu siku mbili. Nimewapata wanne. Wa tano, jirani anasema alichukuliwa na bintiye wakahamia Ukunda.

Watatu walikuwa wepesi. Wa nne ni bibi mmoja niliyemkuta barazani anasuka ukili, ule ukanda wa miyaa wa kushonea mkeka. Nilisimama kidogo kabla ya kupiga hodi. Uso ulikuwa umeelekea barabarani, mboni zote mbili nyeupe kama tui, na vidole vikipanda na kushuka kwenye miyaa bila kukosea, kama vina macho yao.

"Hodi."

"Karibu. Nani wewe?"

"Katibu wa kambi ya macho, bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu. Keti, usinikanyagie ukili."

Nikamweleza tarehe, hospitali, kwamba halipi kitu. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema haendi. Si kwa woga. Aliambiwa mtoto wa jicho wake hajaiva, angoje aive. Nikamuuliza aliambiwa na nani. "Daktari. Mwaka aliokufa babu yenu." Mjukuu wake aliyekuwa akifua uani akapaza sauti: "Babu ana miaka kumi na mmoja tangu afe!"

Nikampigia afisa, nikaiweka simu kwenye spika juu ya mkeka. Akamwamkia vizuri, akamwambia aliyemshauri hivyo alifuata upasuaji wa zamani, siku hizi hakungojwi kuiva, na kuchelewa sana ndiko kunakoifanya kazi kuwa ngumu. Bibi akauliza sasa wakilitoa wanaweka nini. Nikamhadithia habari za marubani na ile plastiki. Akasimamisha vidole kwa mara ya kwanza.

"Plastiki? Kama ya ndoo?"

"Ya kioo cha ndege, bibi."

"Hiyo afadhali," akasema, akaendelea kusuka. Nikaondoka sijui kama amekubali. Nilipofika njia panda mjukuu alinikimbilia na nambari mbili za simu zilizoandikwa kwenye karatasi ya daftari. "Anasema umpigie siku moja kabla, aoge."

Wakati nikirudi nilifikiria tulivyoambiwa na mzee kuwa mwaka 1925, Helen Keller, asiyeona wala kusikia, alikwenda kwenye mkutano wa Lions, klabu nyingine ya kujitolea kama Rotary, huko Ohio akawaomba wawe mashujaa wa wasioona, na mpaka leo macho ndiyo kazi inayowatambulisha. Mzee hupenda kusimulia ile hotuba. Mimi siku ile, na vumbi la Mtongwe mpaka magotini, nilitaka kujua nani alizunguka nyumba kwa nyumba baada ya hotuba.

Jumanne, 21 Oktoba

Kundi la kwanza, wazee tisa, bibi wa ukili akiwamo, kila mmoja na mtu wake. Tuktuk zikatuteremsha feri saa kumi na mbili asubuhi. Anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivyo pesa si tatizo. Tatizo ni lile teremko. Lango likifunguliwa watu hushuka kama maji, kila mtu ana kazi ya kuwahi, na mzee asiyeona hajui bega linatoka upande gani.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Aliyelifikiria ni mwenyekiti. Alikuwa ameshafika kabla yetu, amezungumza na askari wa zamu, na lango lilipofunguliwa wazee wetu walitangulizwa peke yao, taratibu, wameshikana mikono kwa mstari. Mzee mmoja wa Timbwani miguu ilimkataa katikati ya teremko, ikawa haendi mbele harudi nyuma, na umati nyuma umeanza kupiga kelele. Mwenyekiti akachuchumaa, akambeba mgongoni, akaingia naye. Kanzu ilipasuka kwenye mshono wa kwapa. Fundi alikuwapo, akaitazama tu, akasema, "Hiyo niachie mimi."

Tukiwa katikati ya maji nilimfuata ubavuni. Nikamwambia maneno yangu ya Agosti yalikuwa makali kuliko haja. Akatazama meli iliyokuwa ikiingia Kilindini. "Hesabu ilikuwa sawa," akasema. "Ila ungenipigia kwanza."

Wote tisa walipasuliwa jicho moja moja. Walilala hospitali.

Jumatano, 22 Oktoba

Bandeji zimetolewa. Naandika kwa ufupi, nimechoka. Wanane wanaona vizuri kwa siku ya kwanza. Mmoja jicho limevimba kidogo, amebakishwa kuangaliwa. Matone mara nne kwa siku, wasisugue, wasiinamie moto wa kuni. Kila mmoja nimemwandikia nambari mbili za simu, mtaa, na jina la duka lililo karibu.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimepita Mtongwe. Bibi yuko barazani, amefungua ukili aliousuka mwezi uliopita, ameukunjua kwenye mapaja, anaukagua kwa jicho moja kama mwalimu wa hesabu. Miyaa ya zambarau imeingia mahali pa nyekundu, shubiri mbili nzima.

"Nani kasuka hii?" akamuuliza mjukuu.

"Wewe, bibi."

"Mbovu."

Akaanza kuufumua.

Jumamosi, 1 Novemba

Mkutano kwa mweka hazina. Viazi karai, ukwaju, kahawa. Waliofika 24, wengi kuliko wote mwaka huu. Faini sh 200.

Kundi la pili, wanne, lilivuka Jumanne na wote wako salama. Yule wa uvimbe amepona. Jumla 13, na pesa za upasuaji zimekwisha. Nauli, tuktuk na chai vimelipiwa na chenji ya sh 1,500 na boksi la faini lililokuwa na sh 4,150, kwa hivyo wachelewaji wana mchango wao, nami nautaja bila aibu.

Waliobaki: watano waliokubali bado wanangoja. Kati ya wale wanne waliokataa, wawili wamempigia bibi wa ukili, si mimi, na sasa wanataka. Saba, sh 35,000. Wa Ukunda tumepata nambari ya bintiye, haipokelewi.

Mwenyekiti akaleta hoja. Fulana. Watu wakanitazama. Akasema safari hii kila mwanachama anunue yake kwa sh 1,000, gharama ni 700, na 300 iende kwenye macho: wanachama 27, sh 8,100. Jicho moja na zaidi ya nusu ya pili. Hakuna aliyepinga. Mama wa mahamri akauliza kama za kike zitakuwa na mikono mirefu, na mjadala wa mikono ukachukua dakika ishirini.

Mkutano ujao ni kwangu, na zamu ya mahamri ni yangu. Nimeagiza fulana saizi ya kati.